Kilichobaki Baada ya Kutoa

Siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, jua la Dodoma likiwa limeshaanza kukaanga mabati, Mwantum alitoa namba kwenye namba na jibu likakataa kuwa sifuri.

Alidhani amekosea. Akapitia mistari ya programu yake mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayechambua mchele, asione jiwe hata moja. Akaiendesha tena. Jibu likawa lile lile. Kwenye spika mbili zilizokaa pembeni mwa kompyuta, mahali palipotakiwa kuwa na ukimya mtupu, mtu alivuta pumzi.

Mwantum binti Abdulrahim alikuwa Mrangi wa Kondoa, mwenye miaka ishirini na tisa, aliyesomea kompyuta chuo kikuu cha pale Chimwaga na baada ya hapo asirudi kwao. Yeye na mwenzake, Gerson Matonya, walikuwa wamepanga nyumba ndogo mtaa wa Area D na kuigeuza ofisi. Walikuwa wakiunda programu ya kutoa sauti ya zeze la Kigogo. Si kulirekodi zeze, la. Walitaka kuizaa sauti yenyewe kwa hesabu tupu, hata mtu ambaye hajawahi kuliona zeze abonyeze kitufe na zeze lilie. Gerson ndiye aliyelijua zeze. Mwantum ndiye aliyezijua hesabu.

Na hesabu ya wiki hiyo ilikuwa ya kutafuta tofauti. Sauti ikishaingia kwenye kompyuta haiwi sauti tena, inakuwa msururu wa namba, zaidi ya elfu arobaini kwa kila sekunde moja. Kutafuta tofauti ni kuchukua kila namba na kuitoa ile iliyoitangulia. Basi. Kisichobadilika kinafutika, maana tano ukiitoa kwenye tano hakibaki kitu. Kinachobadilika polepole kinafifia. Kinachoruka na kukwaruza ndicho kinachobaki, kikali kama wembe. Bila hesabu hiyo programu isingejua uzi wa zeze unakwenda kwa kasi gani chini ya upinde, na zeze lisingelia.

Ili kuijaribu, Mwantum alitafuta sauti iliyotulia kuliko zote walizokuwa nazo, akaipata kwenye rekodi za Gerson. Mwezi uliopita Gerson alikwenda nje kidogo ya Mpwapwa, kwenye nyumba ya tembe, ya udongo kuta hadi paa, ya babu yake mzaa mama, Mzee Ebenezer, aliyekuwa fundi wa zeze enzi zake. Nyumba ilikuwa haina mtu kwa miaka mingi. Gerson aliweka maikrofoni katikati ya chumba, akafunga mlango, akarekodi ukimya wa humo kwa saa nzima ili zeze lao lipate mwangwi wa nyumba ya Kigogo. Ila ule haukuwa ukimya. Nyumba ilikuwa inavuma. Mvumo mzito, wa chini kabisa, usiopanda wala kushuka, kama mtu aliyefumba mdomo akaguna na asimalize kuguna.

Mvumo wa namna ile ukiutafutia tofauti unapungua zaidi ya mara mia. Kilichotakiwa kubaki ni vumbi tu la sauti. Badala yake ikabaki pumzi.

Mwantum hakuogopa. Alikasirika. Kosa la hesabu lilimuudhi kama tusi la hadharani. Akalichukua lile jibu akalitafutia tofauti mara ya pili, akiamini takataka yoyote itapukutika. Safari hii zikasikika pumzi na nyayo, nyayo za miguu mitupu kwenye udongo mkavu, zikija kutoka mbali. Akarudia mara ya tatu. Nyayo zikasimama, karibu kiasi kwamba alisikia ulimi ukibanduka kwenye kaakaa, kama wa mtu anayejiandaa kusema.

Akazima. Ndipo alipoona alichokifanya. Kwa ile hasira yake alikuwa akiyahifadhi majibu juu ya faili lile lile. Mvumo wa asili haukuwepo tena, na nakala haikuwepo. Wala usingeweza kurekodiwa upya, maana wiki mbili baada ya Gerson kutoka kule, mvua ilikuwa imeiangusha ile nyumba yote, paa na kuta. Rekodi ile ndiyo iliyokuwa imebaki ya nyumba ya babu yake. Gerson alikuwa amemwomba Mwantum jambo moja tu: asiiguse.

Mlango ukafunguliwa. Gerson aliingia na chupa mbili za maji, jitu la futi sita, mwenye sauti iliyotokea tumboni. Kwaya ya kanisa lake ilimtegemea kwa besi kama nyumba inavyotegemea nguzo ya kati.

"Vipi, tofauti imekubali?" akauliza.

"Inakubali kubali."

"Rekodi ya babu iko salama lakini?"

"Ipo," Mwantum akasema. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mtu huyu, na ulimtoka kirahisi kuliko alivyotegemea. "Hebu sikiliza kitu. Kuna makelele siyaelewi."

Gerson akavaa visikilizio. Mwantum akabonyeza. Kwa muda Gerson alikaa akiangalia ukuta, kichwa kimeinama upande. Halafu akatabasamu.

"Mbukwa," akasema kwa sauti.

Mwantum alilijua neno hilo, kila mtu aliyekaa Dodoma analijua. Ndiyo salamu ya Wagogo.

"Unamwitikia nani?"

"Si nimesalimiwa?" Gerson akavua visikilizio. "Kuna mzee humu ananisalimia Kigogo. Mbona hukuniambia kuna mtu?"

"Gerson, hii ni rekodi yako ya tembe. Ulikuwa peke yako."

Tabasamu likamtoka. Nje bajaji ilipita na muziki wake, kuku wa jirani akalia, na Mwantum akahisi kwamba kuna kitu chumbani kimepungua, asijue ni nini, mpaka alipoinua macho akaona feni ya juu inazunguka kwa kasi ile ile ya siku zote bila kutoa sauti yoyote.

*

Siku ya Jumatano friji nayo ikanyamaza huku ikiendelea kugandisha. Siku ya Alhamisi Mwantum alisimama kando ya barabara ya lami, lori la alizeti likampita hatua tatu tu, asisikie ngurumo ya injini. Alichosikia ni kokoto zikirushwa na matairi na mnyororo ukigonga bodi, vikali, vikavu, kama vinapigwa ndani ya sikio. Akaelewa. Hesabu yake ilikuwa imetoka kwenye kompyuta. Kila kilichotulia kilikuwa kinatolewa katika dunia yake, na kilichobaki ni makali tu.

Jioni hiyo Gerson alipiga simu. Mwanzo Mwantum alidhani mtandao unakatakata. Alisikia *s* na *t* na *k*, alisikia midomo ikipigana, ila sauti yenyewe, ile nguzo, haikuwemo.

"Gerson? Sogea mahali penye mtandao."

"Mtandao uko sawa," kikasema kile kinong'ono. "Mwantum, jana kwenye mazoezi nilifungua mdomo kuimba, haikutoka kitu. Watu wamecheka, wakadhani natania. Kifua kinaniuma. Na kuna kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Nikinyamaza, kinaimba. Humu ndani. Kinaimba sehemu yangu."

Ijumaa asubuhi alipelekwa hospitali. Mwantum alipofika alimkuta Gerson kitandani, mashavu yameshabonyea, na daktari kijana amesimama juu yake akihamisha kipimo cha kusikilizia moyo kutoka upande mmoja wa kifua hadi mwingine, kisha akakivua, akakipuliza, akakiweka tena. Kwa mkono wa kushoto alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mgonjwa.

"Mapigo nayahisi," daktari akamwambia muuguzi polepole, kama hataki kusikika. "Yapo, tena yana nguvu. Lakini kifuani sisikii kitu. Nileteeni kipimo kingine."

Kikaletwa kingine. Nacho kikanyamaza.

Pembeni mwa kitanda alikaa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, kitenge kimefungwa kiunoni kwa fundo gumu. Huyu alikuwa Loisi, mama yake Gerson, aliyefika alfajiri kwa basi la Mpwapwa.

"Shikamoo mama," Mwantum akasema.

Mama huyo hakuitikia. Alimtazama toka kwenye hijabu mpaka kwenye viatu, akarudi juu.

"Wewe ndiye Mwantum."

"Ndimi, mama."

"Mwanangu alikuwa mzima. Kanisani, kazini, mzima. Umemkalisha kwenye chumba na majini yenu ya Kondoa, sasa moyo wake hausikiki. Umemfanya nini?"

"Mama, mimi sijui majini. Mimi nafanya hesabu."

"Toka."

Mwantum hakutoka. Alikuwa na uongo kifuani ambao ulikuwa umemzuia kula siku tatu, akaona heri uishie hapo. Akamweleza Gerson yote, mbele ya mama yake: kwamba aliigusa rekodi, kwamba aliitafutia tofauti mara tatu, kwamba aliandika juu yake na haipo tena. Gerson alifumba macho. Machozi yakamtoka bila sauti, maana hata kilio kilikuwa hakina kitu cha kukibeba.

"Umeifuta nyumba ya babu," akanong'ona. "Nikakuuliza. Ukaniambia ipo."

Lakini aliyeshtuka zaidi alikuwa Loisi. Alishika nguzo ya kitanda.

"Nyumba gani? Gerson, uliingia kwa baba? Ukafunga mlango?" Akamshika mwanawe bega. "Ulisalimiwa? Niambie. Ulisalimiwa?"

Gerson akaitikia kwa kichwa.

"Ukajibu?"

Akaitikia tena. Na hapo, kutoka ndani ya kile kifua ambacho daktari hakusikia kitu, kikatoka kicheko kizito, cha chini, kisichokuwa cha Gerson, na mdomo wa Gerson ulikuwa umefungwa.

*

Mwantum alimpigia shangazi yake. Bi Amina alifundisha watoto madrasa kule Kondoa, na wanawake wa vijiji vya jirani walimfuata kwa kisomo wanapoona mambo yamewazidi. Hakuwa mpole. Alisikiliza dakika mbili akamkatiza.

"Inatosha. Usiendelee kusema kwenye simu, linasikia. Kesho nitakuwa hapo. Mtu yeyote asilijibu tena, hata likiuliza saa ngapi."

Jumamosi saa sita mchana aliteremka kwenye basi na mfuko wa ubani, chetezo, na chupa ya maji aliyoyasomea njia nzima. Gerson aliletwa Area D kwa bajaji, amebebwa kama gunia. Loisi alisimama mlangoni mwa ofisi, Biblia mkononi, akagoma kuingia.

"Sikuja kufukiziwa ubani na Waislamu."

"Na mimi sikuja kukusilimisha," Bi Amina akamjibu huku akipuliza makaa. "Dada, wewe unajua hili ni nini kuliko mimi. Ulipozaliwa ulilikuta. Sema, au umzike mtoto."

Loisi akasema kama mtu anayetema mfupa.

"Lilikuwepo kabla ya nyumba. Babu zetu walijenga juu yake bila kujua. Linakaa limetulia, linavuma tu, halina shida na mtu. Jua likiwa utosini lilikuwa linasalimia, na sisi watoto tulifundishwa kukaa kimya mpaka lipite. Baba alipobatizwa alikataza jambo hilo lisitajwe. Nami sikulitaja. Niliona aibu." Akamtazama mwanawe. "Niliona aibu nikalinyamaza, akaingia hajui."

"Ndiyo hivyo," Bi Amina akasema. "Jini la utulivu. Nyumba imeanguka, likahamia kwenye mvumo wa rekodi, likatulia. Huyu binti yetu akautoa mvumo wote, likabaki uchi. Lina hasira. Linakula kila kilichotulia ili lijijengee." Akamgeukia Mwantum. "Unaweza kuurudisha?"

Mwantum alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha. "Kinyume cha kutoa ni kujumlisha, shangazi. Nikizijumlisha tofauti zote kwa mfululizo, mvumo unarudi. Nilitoa mara tatu, nitajumlisha mara tatu. Ila kila mara ni lazima nianze na namba fulani. Tofauti haihifadhi ulikoanzia. Hilo limepotea kabisa."

"Utaanza na nini?"

"Sifuri."

"Basi ni sifuri. Litapata nyumba tupu, litaingia, utafunga, na tutakwenda kuizika kompyuta hiyo penye kifusi cha tembe. Mimi nitasoma. Wewe utajumlisha. Wewe, mama, utamshika mwanao na kufunga mdomo. Litauliza. Litauliza linaanzia wapi. Atakayelijibu atakuwa amelipatia mahali pa kukaa."

Loisi akaweka Biblia dirishani, akaingia.

Bi Amina akaanza kusoma, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesomesha watoto. Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilikuwa limewasha madirisha yote, moshi wa ubani umesimama wima katikati ya chumba bila kuyumba ingawa feni ilikuwa inazunguka juu yake. Mwantum akabonyeza.

Jumlisho la kwanza likapita. Kwenye spika ile midomo na nyayo vikaanza kulainika, vikapata nyama, na kutoka chini yake ikaja sauti aliyoijua Mwantum tangu tumboni, sauti ya marehemu baba yake, Mzee Abdulrahim, na kile kikohozi chake kidogo.

"Mwanangu Mwantum. Naanzia wapi?"

Mwantum aliuma ulimi mpaka akaonja damu. Vidole vikaandika sifuri. Akabonyeza tena.

Jumlisho la pili. Sasa chumba kizima kikaanza kuvuma, siyo spika peke yake bali meza, vioo, meno, na kila alichokuwa hakisikii tangu Jumanne kikarudi kwa mpigo mmoja, feni, friji, magari ya barabara kuu, mbwa, jenereta la jirani, vyote vikiwa vimeunganishwa katika noti moja ndefu isiyopanda wala kushuka, na ndani ya noti hiyo sauti haikujifanya tena mtu yeyote.

"Nilikuwa nimekaa," ikasema. "Sikumgusa mtu. Mmenichuna kama mbuzi. Naanzia wapi?"

Bi Amina alipandisha sauti ya kisomo. Mishipa ya shingo ilimtoka. Mwantum akaandika sifuri, akabonyeza mara ya tatu, na hapo Gerson akaacha kupumua.

Hakuacha kama mtu anayezimia. Aliacha kama saa inavyosimama. Macho wazi, mdomo wazi, kifua kimepanda na hakishuki, mkono mmoja hewani, chozi limefika katikati ya shavu na kusimama hapo hapo bila kudondoka, na ngozi yake ikaanza kuchukua rangi ya majivu kuanzia kwenye kucha, huku ule mvumo ukizidi kujaa mpaka Mwantum akahisi mawazo yake mwenyewe yanapunguza mwendo, kila wazo likikaa mahali pa lile lililopita, tano na tano na tano, na akafahamu kwamba hivi ndivyo litakavyofanya kwa wote wanne, halitawaua, litawatuliza, litawakalisha humu chumbani bila kubadilika hata unywele mpaka nyumba hii nayo ianguke.

"Nyumba ni baridi," likasema. "Sifuri ni baridi. Huyu ana joto. Naanzia kwa huyu?"

"Mwisho!" Bi Amina akapiga kelele katikati ya aya. "Limebakiza mlango mmoja! Msijibu!"

Namba kwenye kioo zilikuwa zinakwenda. Sehemu tisa kwa kumi zilikuwa zimeshajumlishwa.

"Anzia kwangu," Loisi akasema.

Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kigogo, taratibu, akiwa amemkumbatia mwanawe kwa nyuma na kidevu chake juu ya kichwa cha Gerson, kama mama anayembembeleza mtoto mdogo asiyetaka kulala.

Mvumo ukakatika. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa mpaka ukauma. Chozi la Gerson likadondoka. Akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, kisha akalia, kwa sauti yake nzito yote, "Mama!", na vioo vikatikisika.

Kwenye kompyuta hesabu ilikuwa imekwisha. Mwantum akaitazama. Sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho wa faili. Hapakuwa na mtu humo.

Bi Amina alikaa sakafuni. Jasho lilikuwa limelowesha baibui lote.

"Ilibaki pumzi moja," akasema kwa hasira. "Dada, pumzi moja tu! Tulikuwa tumelimaliza."

"Pumzi moja ya mwanangu," Loisi akajibu bila kumtazama. "Ni ipi hiyo unayotaka nikupe?"

*

Ofisi ilifungwa. Gerson alirudi kwaya, na waliomsikia walisema besi yake haikupungua kitu. Simu za Mwantum hakupokea hata moja, wala hakujibu ujumbe. Walipokutana siku moja sokoni alimpita kama mtu asiyemjua.

Mwezi wa saba, upepo mkavu umeanza, Mwantum alipanda basi kwenda Mpwapwa. Hakujua anakwenda kusema nini. Alielekezwa nyumba, akamkuta Loisi amekaa barazani juani, anamenya karanga kwenye ungo. Miezi mitano ilikuwa imepita, na mama huyo alikuwa vile vile, si kwa namna watu wanavyosema wanapomsifia mtu. Kucha zilikuwa zile zile. Mkwaruzo mdogo alioupata mkononi siku ile alipomshika Gerson ulikuwa bado mbichi, haujapona wala haujaoza.

"Shikamoo mama."

"Kaa pale. Usisogee karibu."

Mwantum akakaa kwenye kigoda, hatua nne kutoka kwake. Hata hapo aliusikia ule mvumo. Ulitoka chini ya kitenge, mahali palipo na kifua, mzito, usiopanda wala kushuka. Mama alipomeza mate haukukatika. Alipokohoa haukukatika.

"Nimekuja kuomba radhi," Mwantum akasema.

"Radhi yako sina pa kuiweka. Kumejaa." Loisi akapasua ganda. "Daktari wa hapa ananiambia moyo wangu hausikiki. Namwambia aache kusikiliza. Silali, sichoki, sioni njaa. Linakaa tu. Ni kama mimba isiyokwisha."

"Gerson anajua?"

"Anajua mama yake ni mzima. Ukimwambia zaidi ya hapo nitakulaani, na sasa hivi laana yangu ina nguvu." Akainua macho, na kwa mara ya kwanza Mwantum aliona kwamba ukali ule ulikuwa umefunika hofu muda wote. "Nisikilize. Haliniui. Lakini mti unaweza kuangukia mtu, gari linaweza kumgonga. Mimi si wa milele. Siku nikifa litauliza tena linaanzia wapi, na atakayekuwa ameshika mkono wangu siku hiyo ni mwanangu. Unanielewa? Ni mwanangu ndiye atakayekuwa hapo."

Mwantum alielewa. Upepo ulipeperusha maganda ya karanga uani. Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga, na kila mchi uliposhuka ulisikika vizuri, juu na chini, kama sauti inavyotakiwa kusikika.

"Wewe ndiye uliyelivua nguo," Loisi akasema. "Sikulazimishi. Nakuuliza tu. Siku hiyo ikifika, nikikuita, utakuja?"

Mwantum alifikiria feni isiyolia, na chozi lililosimama shavuni. Alifikiria neno *ipo*, lilivyomtoka kirahisi.

"Nitakuja, mama," akasema.

Chini ya kitenge, kwa mara ya kwanza tangu alipoketi, mvumo ukanyamaza. Ulinyamaza kama mtu anavyonyamaza anaposikia jina lake limetajwa chumba cha pili. Loisi akadondosha ungo. Mkono mmoja ulikimbilia kifuani, mwingine ukanyooka kuelekea kwa Mwantum kama wa mtu anayetaka kuzuia mlango.

"Sikukwambia useme! Limekusikia!" akanong'ona. "Ungeitikia kwa kichwa, mtoto wee. Ungeitikia kwa kichwa tu."